Kaburi Lisilo na Mwili: Hadithi Fupi za Kifo Kando ya Ziwa

MASUNGA: Mwadila wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mwanza mjini, Sengerema, Ukerewe, Musoma, na nyie mlio ng'ambo ya ziwa kule Kisumu na Entebbe. Mimi ni Masunga, niko na dada yangu Leticia, na leo ni hadithi fupi za kutisha. Zote za kifo. Da Leti, nianze na ugomvi?

LETICIA: Anza tu, mdogo wangu. Nimekuja nimejiandaa.

MASUNGA: Hadithi nyingi tunazotumiwa, mtu anakufa kwenye aya ya kwanza, halafu kinachobaki ni mbio. Mzimu unafukuza, mtu anajikwaa, umeme unakatika, damu. Nikimaliza kusoma naenda kulala usingizi mzuri kabisa. Halafu ikaja ile moja fupi, haina tone la damu, na nikaamka usiku kuhakikisha mlango una komeo.

LETICIA: Ya daftari.

MASUNGA: Ya daftari la rambirambi. Isimulie wewe, unaisimulia vizuri.

LETICIA: Ni msiba wa kawaida wa mtaani, tuseme Mabatini. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vya kukodi, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje na moto wao. Kijana mmoja amekabidhiwa daftari. Jina, kiasi. Jina, kiasi. Huyu elfu tano, yule elfu mbili, kikundi cha akina mama elfu hamsini. Usiku wa pili anafunga hesabu, hela inazidi kwa elfu kumi. Anarudia. Inazidi. Anashuka na majina moja moja kwa kidole, anakuta mstari ambao hakuuandika yeye. Jina ni la marehemu. Shilingi elfu kumi. Pembeni pana alama ya vema: imepokelewa.

MASUNGA: Anaenda kwenye kopo.

LETICIA: Anaenda kwenye kopo la hela, anakuta noti moja ya elfu kumi imelowa. Basi. Na marehemu alifia ziwani.

MASUNGA: Hakuna kucha, hakuna meno. Kwa nini inatisha?

LETICIA: Kwa sababu marehemu hajafanya ubaya wowote. Amechangia msiba, kama anavyochangia kila mtu. Ametimiza wajibu wa jirani. Kinachokushtua ni adabu yake. Unajiuliza, kama bado anajua kuna msiba, na anajua ni shilingi ngapi inafaa kutoa, je, anajua ni msiba wa nani?

MASUNGA: Mimi swali hilo sikulifikia. Sasa umeniharibia na usiku wa leo.

LETICIA: Ndiyo maana napenda kifo kikae kwenye hadithi fupi. Riwaya ina kurasa mia tatu, utakizoea. Hadithi fupi inakushika mkono mara moja na kukuachia, na kifo chenyewe ndivyo kinavyokuja kwenye nyumba za watu. Simu inalia saa kumi alfajiri. Mazungumzo dakika moja. Maisha yamebadilika.

MASUNGA: Nakubali. Lakini nikuulize, kwa sisi wa huku ziwani, hofu yenyewe iko wapi? Kwa sababu nasoma hadithi za vijana wetu, zina majumba ya mawe yenye ngazi, baridi kali, makaburi yenye ukungu. Mtu anaandika akiwa Nyegezi, jua linawaka, halafu mzimu wake amevaa koti.

LETICIA: Hofu yetu iko kwenye mwili usiopatikana. Kufa, kila mtu anajua atakufa. Lakini kufa na usionekane! Angalia mtu akizama. Ndugu wanahamia ufukweni. Wanalala pale, wanapika pale. Wavuvi wanaacha kazi zao wanazunguka na mitumbwi bila kulipwa. Wazee wanawaambia subirini, maji yatamrudisha. Na kweli, mwili uliozama huibuka wenyewe baada ya siku chache, kwa sababu unapoanza kuoza gesi inajaa ndani na kuupandisha. Sasa kuna mama amekaa pale mchangani anaangalia maji. Anachoomba, bila kukitamka, ni kwamba mwanawe aoze upesi ili amwone. Hiyo ni sala ya mama, Masunga. Nioneshe zimwi gani linaizidi hiyo.

MASUNGA: Hapana. Sina.

LETICIA: Mwandishi akiweza kuandika sala hiyo kwa kurasa nne, bila kuongeza mzuka, ameshaandika hadithi ya kutisha. Akitaka kuongeza, aongeze kitu kimoja. Maji yajibu.

MASUNGA: Na hapa Mwanza huwezi kutaja mwili na ziwa watu wasikumbuke MV Bukoba.

LETICIA: Tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa imetoka Bukoba, imepitia Kemondo, imeshaikaribia Mwanza, asubuhi. Watu wanajiandaa kushuka, meli ikapinduka. Mamia walikufa. Kuna waliozikwa pamoja pale Igoma, na kuna waliobaki na meli chini. Kwa hiyo mji huu una familia ambazo zina kaburi na familia ambazo hazina, na zinaishi mtaa mmoja.

MASUNGA: Kuna hadithi tuliletewa, nadhani unaijua. Inaanza ndani ya meli iliyopinduka. Ile kugonga.

LETICIA: Najua, na nilisema hatuisomi. Meli ile ilielea kichwa chini kwa muda, na walio ndani walikuwa wanagonga chuma ili waliopo nje wasikie. Waliosikia wapo. Wanapanda daladala na sisi. Huwezi kuchukua kugonga kule ukamfanyia mtu mlio wa kushtulia.

MASUNGA: Mimi hapo nilikupinga, na bado nakupinga kidogo. Tukisema jambo ni zito mno lisiandikwe, litabaki kuwa habari ya gazeti ya kila Mei. Watoto waliozaliwa juzi watajuaje uzito wake? Hadithi ndiyo inayobeba.

LETICIA: Sijasema lisiandikwe. Nimesema usiingie ndani ya meli ambayo hukuwamo. Kaa nchi kavu, ndiko tuliko. Andika aliyechelewa meli. Aliyeuza tiketi yake bandarini kwa mtu asiyemjua, akarudi nyumbani na hela mfukoni. Miaka inapita, na kila hela anayoshika anaona kama ni ile. Sasa mtu asiyemjua anaanza kuja kudai kiti chake. Na chombo usikiite MV Bukoba, kipe jina lingine au kinyime jina kabisa. Msomaji wa Mwanza atajua mwenyewe, na aliyefiwa utakuwa umemwachia nafasi ya kugeuka upande.

MASUNGA: Anayedai kiti. Hiyo ninunulie mimi.

LETICIA: Chukua bure.

MASUNGA: Na MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Kivuko kinakaribia gati la Ukara, watu wanaona nyumba zao, kinapinduka. Watu 228 walikufa. Halafu baada ya siku mbili wanamtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa mle ndani, kwenye hewa iliyobaki. Ningeiandika hiyo kama hadithi ya kubuni, ungenirudishia ukisema haiaminiki.

LETICIA: Ningekurudishia, kweli. Na aliyoyasikia mle ni yake, hatumwandikii. Ila jambo lile linatufundisha kitu kuhusu ufundi. Mpaka kati ya aliye hai na aliyekufa, tunaudhani ni mstari. Siku mbili zile ulikuwa ni chumba. Mtu alikaa ndani yake. Fantasia nzuri ya kifo inafanyika kwenye chumba hicho, kabla haijajulikana.

MASUNGA: Ngoja nitaje na 1994, nisiiruke. Mto Kagera ulipoleta ziwani miili ya waliouawa Rwanda. Upande wa Uganda, kule Kasensero, wavuvi ndio waliofanya kazi ya kuwatoa majini na kuwazika, maelfu. Na watu waliacha kula samaki.

LETICIA: Wazazi wetu walikataa sangara. Hofu ilifika mpaka kwenye sahani. Hapo tena, hakuna haja ya kubuni kiumbe. Mezani kuna samaki, hakuna anayeanza kula, na hakuna anayesema kwa nini. Mtoto mdogo peke yake ndiye anayenyoosha mkono.

MASUNGA: Tugeukie usiku, maana mchana tumeshaumia vya kutosha. Mimi napenda usiku wa dagaa. Mwezi ukiwa haupo, ukikaa juu ya mawe ya Capri Point unaona taa mstari mzima juu ya maji. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanajikusanya chini yake, nyavu inainuliwa. Sasa sikiliza, saa zilezile ndizo radi inazaliwa. Nchi kavu inapoa upesi baada ya jua kuzama, maji yanabaki na joto lake, upepo unashuka kutoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, unapanda juu, unakuwa ngurumo. Kwa hiyo mvuvi anawasha taa mahali ambapo dhoruba inatengenezwa, na wakati inapotengenezwa.

LETICIA: Na kanuni ya hadithi yako?

MASUNGA: Kanuni ni moja. Kilicho majini kinafuata taa. Dagaa wanafuata, na aliyezama naye anafuata. Hana ubaya, hajui pa kwenda, kule chini ni giza, anaona mwanga. Mitumbwi minne inatoka na taa nne. Alfajiri wenye kusubiri ufukweni wanahesabu taa tano zinarudi.

LETICIA: Kanuni hiyo ni safi. Watu wanaiandika vibaya kwa kuongeza ya pili. Mara mzimu unafuata taa, mara anaogopa chumvi, mara anaongea kwenye redio. Msomaji akishajua kwamba chochote kinaweza kutokea, haogopi tena. Mpe sheria moja, na uitimize hadi mwisho bila huruma.

MASUNGA: Misukule je? Nusu ya tunazopokea ni misukule.

LETICIA: Nusu ya tunazopokea ni mtu aliyezikwa anaonekana analima shamba la mtu usiku. Inaweza kuwa nzuri ikiandikwa na aliyewahi kupoteza mtu, kwa sababu ndani yake kuna tumaini, labda hajafa. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kumtafuta mchawi tu, na hapo ndipo mimi na waandishi wetu tunapokosana.

MASUNGA: Sema hilo, liseme kwa nafasi yake.

LETICIA: Hatusomi hadithi ambayo siri yake ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Hatusomi, hata ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili cha dhahabu. Kanda yetu hii, Mwanza na Shinyanga, imeua bibi zake kwa mapanga kwa ajili ya macho. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi. Mama amepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye jiko lisilo na dirisha, akilisha watoto na wajukuu, halafu macho hayo ndiyo ushahidi dhidi yake. Na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya hadithi, hadithi tu, kwamba miili yao ina bahati. Maneno yaliua. Kwa hiyo anayetunga hadithi ya kutisha huku kwetu anashika kitu chenye makali, na lazima ajue anakielekeza kwa nani.

MASUNGA: Hapo sina pingamizi hata chembe. Lakini mzee wangu angekuuliza, mbona hadithi za kale zina bibi vizee wachawi?

LETICIA: Zinazo, ila zilikuwa na akili kuliko zetu. Chukua Shing'weng'we. Kila Msukuma ameisikia. Zimwi linameza watu wote, na mifugo, nchi inabaki tupu. Anabaki mwanamke mjamzito aliyejificha kwenye makapi, anamzaa Masalakulangwa. Mtoto anakua, anauliza watu wako wapi. Analitafuta zimwi, analiua, analipasua tumbo, watu wanatoka wazima.

MASUNGA: Na wakati wa kupasua anamkata bibi mmoja sikio.

LETICIA: Sikio! Bahati mbaya, kisu kimepita. Kila mtu anashangilia, bibi anavuja damu, na ana hasira na mkombozi. Anataka kumroga. Wengi wanaisimulia haraka sehemu hiyo, kana kwamba ni mkia wa hadithi. Kwangu mimi ndiyo hadithi. Wafu wamerudi wote, na mmoja amerudi na jeraha, na hana shukrani, na ana haki yake. Aliyeitunga alijua kwamba kumtoa mtu kwenye kifo hakumalizi mambo. Sasa huyo bibi si pambo la kutishia. Ana sababu. Mpe bibi yako sababu kama hiyo, nitamsoma.

MASUNGA: Nakumbuka bibi yangu alikuwa anashika sikio lake akifika hapo. Tunapiga kelele.

LETICIA: Waona. Sasa niletee ya Izraili, maana umeniahidi, halafu tuingie kwenye kubwa yako.

MASUNGA: Hii nimeitunga kwa sababu ya daraja. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu na ushee juu ya maji. Kabla ya hapo sote tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko. Basi, kwenye hadithi yangu Izraili naye alikuwa anakaa foleni. Ametumwa roho ya mtu upande wa Sengerema, anafika Kigongo, kivuko kimeshaondoka. Anakaa kwenye benchi na abiria wengine, ananunua karanga. Na kule ng'ambo mgonjwa anaishi saa nzima zaidi, anaaga wanawe, anasema lile neno ambalo alikuwa hajawahi kulisema. Watu wa ng'ambo walizoea kupata saa hiyo. Hawakujua inatoka wapi. Sasa daraja limefunguliwa.

LETICIA: Anavuka kwa dakika tano.

MASUNGA: Anavuka, na watu wanaanza kufa kabla ya kumaliza sentensi.

LETICIA: Nzuri. Lakini umesahau kitu. Kwenye foleni ile ile, mbele yake au nyuma yake, kulikuwa na gari la wagonjwa. Lilisubiri kivuko hichohicho. Kuna mama waliojifungulia pale Busisi wakisubiri kuvuka kuja hospitali ya Bugando.

MASUNGA: Da Leti.

LETICIA: Kwa hiyo wanavuka wote wawili kwa dakika tano. Iweke hiyo, vinginevyo unamwambia msomaji daraja ni baya, na si kweli. Waweke kwenye daraja usiku, taa za gari la wagonjwa zinawaka, na Izraili pembeni anatembea kwa miguu, na kwa mara ya kwanza ameachwa.

MASUNGA: Hiyo inabadilisha kila kitu. Anakuwa ni yeye anayekimbizwa na muda. Sawa, nitaifumua.

LETICIA: Ifumue. Sasa soma.

MASUNGA: Hii imetoka kwenye mila ya Waluo, na kuna Waluo huku kwetu upande wa Rorya, siyo Kenya tu. Mtu akifa maji na mwili ukakosekana kabisa, huzikwa tunda la mwegea badala yake. Wao huliita yago. Mmeliona, refu, zito, linaning'inia kwa kamba yake. Linapewa kaburi kama mtu. Hadithi inasimuliwa na kijiji. Nasoma.

"Tulimtafuta mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mtumbwi tuliupata umepinduka, na kasia moja. Yeye hatukumpata. Wazee wakakaa, wakasema nyumba haiwezi kuendelea kukaa mlango wazi, watoto wanakua, mke anahitaji mahali pa kulilia. Tukaenda kwenye mwegea tukachuma tunda refu kuliko yote. Mke akaombwa nguo, akatoa shati la bluu la kanisani. Tukalivisha tunda, tukafunga vifungo mpaka cha juu, tukalilaza kwenye sanduku, tukalizika uani. Tulilia kweli. Hakuna aliyelia kwa ajili ya tunda.

"Mvua za masika zikaja na kupita. Usiku mmoja mbwa aliamka, akatikisa mkia, hakubweka. Mke akatoka na tochi. Mumewe alikuwa amesimama nje ya uzio wa minyaa. Amekonda, midomo imepasuka, yu hai. Alikuwa ameng'ang'ania lundo la magugu maji, upepo ukalisukuma mpaka ng'ambo, akaugua huko, watu wasiojua lugha yake wakamuuguza. Akasema, fungua, ni mimi. Mke akafungua. Mume akainua mguu kuingia. Mguu ukarudi ulipotoka. Akajaribu tena. Hakukuwa na kilichomzuia. Mguu tu haukukubali.

"Mke akampelekea ugali nje ya uzio, akala, akalala palepale. Asubuhi tulikwenda na wazee. Walimshika mkono, wakamuuliza habari za safari, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akamwambia kwa upole, mwanangu, sisi tumeshakuzika.

"Hatukumfukuza. Alikaa nje ya uzio, watoto wakawa wanakwenda kucheza naye. Lakini ngozi ya mikono yake ilianza kukakamaa, ikawa na rangi ya majivu. Akaacha kusikia njaa. Maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Na mke, alfajiri moja akifagia uwanja, alipofika juu ya kaburi alihisi joto kwenye nyayo. Jua lilikuwa halijatoka. Akapiga magoti, akaweka kiganja. Udongo ulikuwa na joto la mtu aliyelala. Siku ya pili ulikuwa unapanda na kushuka.

"Usiku huo alichukua jembe. Mumewe alimwangalia kutoka nje ya uzio, hakusema neno. Sote tulisikia jembe, hakuna aliyetoka. Alichimba mpaka ubao ukalia. Akafungua. Shati la bluu lilikuwepo. Kifungo cha juu kilikuwa kimefunguliwa. Na kwenye mikono ya shati, ambako tulipolivisha hakukuwa na kitu, kulikuwa na kucha."

Nimeishia hapo.

LETICIA: Wabeja, mdogo wangu. Wabeja sana. Ngoja nivute pumzi.

MASUNGA: Piga, niko tayari.

LETICIA: Kwanza nilitaka kukuuliza kama una haki ya kuchukua mila ya watu ukaifanyia hadithi ya kutisha. Lakini umeitetea ndani ya hadithi yenyewe, pale mke anapohitaji mahali pa kulilia. Mila ile ni huruma. Mwenye kaburi anaweza kuanza kuomboleza, asiye nalo anabaki ufukweni. Hujaidharau, hujaifanya uchawi. Uovu haupo popote kwenye hadithi hii, wote ni watu wema, na inatisha. Na kauli ya yule mzee, kwa upole, hiyo ndiyo iliyonikata.

MASUNGA: Lakini.

LETICIA: Lakini ondoa kucha.

MASUNGA: Haiwezekani. Kucha ndizo zinazotimiza sheria! Wewe mwenyewe umesema, sheria moja bila huruma. Kaburi likishapewa mtu, litakuwa na mtu. Huku anageuka tunda, kule tunda linageuka yeye. Bila kucha msomaji hajaona.

LETICIA: Ameshaona. Aliona udongo ulipopanda na kushuka. Kifungo cha juu kimefunguliwa, hapo nimeshika kifua. Kucha zinakuja baada ya kuwa nimeshaogopa, zinanipunguzia. Halafu zinanifanya nimtazame aliye sandukuni, wakati mimi nataka kumtazama mke. Ameshika jembe. Huku ana mume anayekakamaa, huku ana mume anayepumua. Yupi ni wa kumpikia kesho?

MASUNGA: Mimi niliogopa kujibu hilo. Nikaona kucha zitanisaidia kutoroka.

LETICIA: Usitoroke. Nikuulize tu, yeye anaweza kutoka nje ya uzio?

MASUNGA: Anaweza. Anapeleka chakula kila siku.

LETICIA: Basi afunike sanduku, arudishe udongo, achukue sufuria na mkeka, atoke. Asirudi. Ahamie upande wa mumewe, nje. Amechagua yule aliyemjibu kwa sauti, hata kama sauti inaisha.

MASUNGA: Na kijiji ndicho kinachosimulia. Sisi tumeamka asubuhi, nyumba iko wazi, mama wa nyumba hayumo ndani ya uzio.

LETICIA: Mnamwona pale nje.

MASUNGA: Tunamwona, tunamsalimia, anaitikia. Lakini hayumo ndani. Siku zinapita, hayumo. Nyumba haiwezi kukaa mlango wazi. Wazee wanakaa tena.

LETICIA: Na mwegea una matunda mengi.

MASUNGA: Da Leti, kucha nimezitoa. Nimezitoa hapa hapa, naandika upya leo usiku. Na wewe msikilizaji unayetaka kutuma ya kwako, maneno 1,500, yasizidi. Kifo kiwe kimoja, na sheria iwe moja. Iwe mahali unapopajua, kama ni mwaloni Kirumba, kule soko la samaki, tuambie unanukaje saa kumi na mbili asubuhi.

LETICIA: Bibi kizee akiwemo, awe na sababu. Na ambaye kwao kuna mtu hakupatikana ziwani, akitaka kuandika, aandike kwa urefu anaoutaka. Huyo hatumhesabii maneno.